Drili imeandikwa 20V, betri dukani imeandikwa 18V: zitakubaliana?

Swali: Mimi ni fundi seremala hapa Morogoro, natengeneza makabati ya jikoni na vitanda. Kaka yangu anayeishi Marekani amenitumia drili ya DeWalt iliyoandikwa 20V MAX, betri moja ya 2Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) na chaja yake. Nikaenda kutafuta betri ya pili. Duka la kwanza lina betri za DeWalt, ila zimeandikwa 18V XR, na muuzaji akasema hazinifai, drili itakosa nguvu. Duka la pili wakaniambia niachane na hizo, nichukue betri ya 88V ambayo inaingia kwenye drili hiyohiyo na ina nguvu mara nne. Chaja bado sijaichomeka, plagi yake ina vijino viwili bapa. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu fundi, umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya kuchomeka. Nianze na chaja, ingawa umeitaja mwishoni, kwa sababu ndiyo inayoweza kukufia leo hii. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani. Igeuze chali, tafuta kibandiko, soma mstari ulioandikwa "Input". Nina hakika utakuta 120V. Umeme wetu ni volti 230. Nitarudi hapo kwa kirefu.

Kuhusu betri, ile ya 18V XR inakufaa. Itaingia, itafunga kwa mlio uleule, na drili haitapungua nguvu hata kidogo. Muuzaji wa kwanza alisoma namba akaiamini, na simlaumu sana, maana namba hizo zimewachanganya hata mafundi wakubwa. Huyo wa pili alikuwa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Twende ndani ya betri, kwa maneno tu, usiifungue. Humo mna seli za lithiamu, vijiti vya duara vikubwa kidogo kuliko betri ya rimoti. Zinazotumika zaidi huitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Kila seli, ikiwa kazini, hukaa kwenye volti 3.6 hivi kwa sehemu kubwa ya chaji yake. Zipange tano kwa mfuatano, kichwa cha hii kwenye mkia wa ile, upate 18. Lakini seli hiyohiyo ikiwa imetoka kwenye chaja sasa hivi, haijabeba mzigo wowote, huwa juu ya volti 4, na kikomo chake ni 4.2. Tano mara 4 ni 20. Tano mara 4.2 ni 21.

Sasa umeona zinakotoka namba zote tatu unazokutana nazo madukani. Ni seli zilezile tano. Anayeandika 18 amepima betri ikiwa kazini, anayeandika 20 amepima ikiwa imejaa na imepumzika, na viwanda kadhaa vya China vinavyoandika 21 vimehesabu hadi tone la mwisho. DeWalt wenyewe hawalifichi hili. Kwenye maboksi yao ya Marekani huweka maelezo kwa herufi ndogo kwamba volti 20 ni ile ya mwanzo, bila mzigo, na kwamba volti ya kawaida ni 18. Kama boksi alilotuma kaka yako bado unalo, lipekue, utayakuta.

Kwa nini basi kampuni moja iite kitu kimoja majina mawili? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Kabla ya lithiamu, drili za DeWalt za volti 18 zilitumia betri za nikeli na kadmiamu, seli 15 za volti 1.2 kila moja. Betri zile zilikuwa na shingo ndefu inayozama ndani ya mpini wa mashine. Mwaka 2011 walipoleta Marekani mfumo mpya wa lithiamu, ambao betri yake huteleza kwenye reli, waliupa jina la 20V MAX. Jina hilo lilimsaidia mnunuzi asidhani betri mpya itaingia kwenye mashine yake ya zamani ya 18V. Na tuseme ukweli, 20 kwenye rafu inavutia kuliko 18. Ulaya mfumo huohuo wa reli ukaitwa 18V XR, na hadi leo ndivyo ulivyo. Kwa maoni yangu namba ya Ulaya ndiyo inayomsaidia fundi zaidi, kwa sababu inamwambia betri inavyokuwa akiwa katikati ya kazi, wakati ile nyingine inamwambia dakika ya kwanza tu.

Hadithi hiyo ina onyo ndani yake. Ukisikia mtu anauza "DeWalt ya 18V" ya mtumba kwa bei ya kutupwa, mwambie akuonyeshe betri. Ikiwa na shingo, huo ni mfumo wa zamani wa kadmiamu na hauna undugu na drili yako, japo namba ni 18. Ikiwa na reli, ni ndugu yake. DeWalt walitengeneza kipande cha kuunganishia, DCA1820, kinachowezesha betri mpya ya reli kuendesha mashine ya zamani ya shingo. Kinyume chake hakuna. Na herufi XR nazo zisikuchanganye. Ulaya zimebandikwa kwenye jina la mfumo mzima wa 18V, ilhali Marekani huzikuta kwenye mashine na betri za daraja la juu ndani ya 20V MAX.

Njia ya uhakika zaidi ni kusoma namba ya bidhaa badala ya volti. Betri ya Marekani ya 2Ah ni DCB203, ndugu yake wa Ulaya ni DCB183. Ya 4Ah ni DCB204 na DCB182. Ya 5Ah ni DCB205 na DCB184. Hiyo DCB205 imeandikwa 100Wh, DCB184 imeandikwa 90Wh, na wapo wanaoapa kwamba ya Marekani ina akiba kubwa zaidi. Hapana. Wh, yaani wati-saa, ni volti mara Ah, kwa hiyo mmoja amezidisha 20 kwa 5 na mwingine 18 kwa 5. Seli ni zilezile. Niliwahi kuziweka mbili mezani kwangu zikiwa zimetoka kwenye chaja, mita ikasoma 20 na pointi kwa zote mbili.

Mchezo huo wa namba uko kwenye ukubwa mwingine pia. Mashine ndogo za seli tatu ziliandikwa 10.8V Ulaya na 12V MAX Marekani. Makita huita mfumo wao wa seli kumi 40V max, na kwa hesabu ya kawaida ni 36. FlexVolt ya DeWalt ni 20/60 huko Marekani na 18/54 Ulaya. Hiyo ina ufundi wa kupendeza: ndani mna makundi matatu ya seli tano. Ukiiweka kwenye drili kama yako makundi yanakaa sambamba na kutoa 18, ukiiweka kwenye mashine kubwa yanajipanga mfuatano na kutoa 54. Kwa hiyo betri ya FlexVolt itaendesha drili yako, ila betri yako haitaendesha msumeno wa FlexVolt. Wengine hawakuingia kabisa kwenye ushindani huo kwa ukubwa huu: mifumo ya Makita LXT na Milwaukee M18 huandikwa 18V kote, Marekani na Ulaya.

Hapo ndipo watu wanapokosea upande wa pili. Wakishajua kwamba 18 na 20 ni kitu kimoja, wanadhani kila betri ya 18 inaingia kwenye kila mashine ya 18. Kinachoamua ni reli na vijino vya shaba, na kila kampuni ina vyake. Hata jina moja la kampuni halitoshi. Bosch ya bluu, ile ya mafundi, na Bosch ya kijani, ile ya matumizi ya nyumbani, zote 18V, betri zake hazibadilishani. Makita LXT na Makita ya mfululizo wa G, ile ambayo namba ya betri yake huishia na herufi G, kama BL1811G, hazibadilishani, na wapo wengi walionunua drili ya G kwa sababu ni nafuu kisha wakabaki wanashangaa betri ya BL1830 inakataa kuingia. Metabo ya Ujerumani na Metabo HPT ya Marekani ni mifumo miwili tofauti. Hiyo HPT ndiyo iliyokuwa Hitachi, na kwingineko tangu 2018 inaitwa HiKOKI. Na Makita za mtumba kutoka Japani, angalia vizuri, maana nyingi ni za 14.4V, seli nne, betri ya 18V haziipokei, na chaja zake ni za umeme wa volti 100.

Sasa chaja.

Simu na kompyuta mpakato zimetuzoesha vibaya. Chaja zake huandikwa 100–240V, unazichomeka Morogoro, Muscat au Minneapolis bila kuwaza. Kwa hiyo mtu akipokea chaja ya drili kutoka Marekani anaona tatizo ni vijino tu, anatafuta adapta ya kubadili plagi, anachomeka. Adapta ile inabadili umbo la vijino, haigusi volti. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo mbele ya karakana yangu, kabla sijamaliza kumwambia asubiri. Ulisikika mlipuko mfupi, kama fataki ya mtoto, ikafuata harufu ya plastiki. Nilipofungua, kapasita ya upande unaopokea umeme wa ukutani ilikuwa imepasuka na fyuzi imeyeyuka. Tuliijaribu kuitengeneza, haikurudi. Na cha kusikitisha, chaja hiyo ilikuwa na namba ileile, DCB115, ya chaja ninayoitumia mwenyewe kila siku kwenye umeme wetu. DeWalt hutumia namba hiyo pande zote mbili, moja ya 120V na nyingine ya 230V, rangi moja, umbo moja. Ndiyo maana nimekwambia usome mstari wa "Input" na si namba ya chaja.

Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ningeichagua mimi, ni kununua chaja ya mfumo huohuo iliyotengenezwa kwa umeme wetu. Inauzwa peke yake, na itachaji betri yako ya 20V MAX bila kujua kwamba imetoka Marekani, kwa sababu upande wa betri hakuna tofauti. Kwa DeWalt angalia mwisho wa namba: -GB ina plagi ya Uingereza, hii yetu ya pini tatu za mraba, na -QW ina plagi ya duara ya Ulaya. Ndugu aliyeko Oman au Dubai akikutumia chaja iliyonunuliwa kule inafaa moja kwa moja, umeme na plagi vinafanana na vyetu. Kenya na Uganda vivyo hivyo. Rwanda, Burundi na Kongo umeme uko kwenye kiwango hichohicho cha volti 220 hadi 240, plagi tu ndiyo ya duara.

Kuna mtego mmoja kutoka Uingereza ambao ni lazima niutaje. Kwenye maeneo ya ujenzi kule, kwa usalama wa mafundi, hutumia umeme wa volti 110 kupitia transfoma za njano, na kuna chaja zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. DeWalt huziandika -LX. Utaijua kwa plagi yake kubwa ya duara, ya njano. Zinakuja kwenye mitumba, na nimeona mtu amekata plagi ya njano akafunga ya kwetu akidhani ameboresha. Matokeo ni yaleyale ya mteja wangu.

Njia ya pili ni transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 110 au 120. Kwenye kibandiko cha chaja kuna ampea. Zidisha kwa 120 upate wati. Tuseme imeandikwa ampea 2, ni wati 240, nunua transfoma ya wati 500 ili isikae ikichemka. Iwe ile nzito yenye chuma na shaba ndani. Vile vibadilishaji vyepesi vya wasafiri vilivyotengenezwa kwa pasi na vikausha nywele vinakatakata mkondo, navyo huua chaja za aina hii. Suala la hezi 50 na 60 lisikusumbue. Na usiku uchomoe transfoma, maana hula umeme hata kama hakuna betri inayochajiwa.

Tuje kwenye betri ya 88V. Tufanye hesabu pamoja. Kila seli 3.6, ili kufika 88 unahitaji seli 25 hivi kwa mfuatano. Seli moja ya 18650 ina gramu 45 hivi, kwa hiyo seli peke yake zingepita kilo moja kabla ya kasha. Je, ile betri uliyoshika dukani ilikuwa na uzito huo? Na kama kweli ingekuwa na volti 88, mara ya kwanza kubonyeza swichi saketi ya drili yako ingeungua, kwa kuwa imejengwa kwa 18. Angalia tena kibandiko, huenda kimeandikwa "88VF". Zipo pia 48VF, 128VF, hata 388VF. Herufi F iliyobandikwa hapo inamruhusu mwenye kiwanda kusema kwamba hajaandika volti, ameandika jina la modeli. Pima kwa mita kwenye plasi na minasi, utapata kati ya 18 na 21. Seli tano.

Vivyo hivyo na Ah. Seli ya 18650 iliyo bora kabisa hubeba takriban 3.5Ah. Betri yenye safu moja ya seli tano za aina hiyo haiwezi kuwa ya 6Ah, hata kibandiko kiseme nini. Ili kufika 5Ah kwa seli hizo zinahitajika kumi, safu mbili sambamba, na kumi ni gramu 450 bila plastiki. Nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni, ndugu yangu, usione haya. Betri kubwa ya 5Ah iliyo nyepesi kama ya 2Ah imeshajieleza.

Sisemi haya kwa kudharau bidhaa za bei nafuu. INGCO na TOTAL huandika 20V, ni seli tano kama wengine, na watu wanafanyia kazi za kila siku vizuri. Ninachokikataa ni betri isiyo na jina iliyotengenezwa iingie kwenye mashine ya mwingine. Tazama sehemu ya kuunganishia ya betri yako, utaona kwamba mbali na plasi na minasi kuna vijino vingine vimeandikwa C1, C2, TH na kadhalika. Kupitia hivyo chaja huangalia kila seli na joto lake, ikiona seli moja imezidi inasimama. Betri nyingi za kuiga huvifunga vijino hivyo kwa kipingamizi kimoja tu ili kuidanganya chaja. Inachaji, ndiyo, lakini hakuna anayeangalia, na lithiamu iliyozidishwa chaji ikiwaka ndani ya karakana yenye vumbi la mbao na vanishi sitaki hata kuwaza. Adapta za kuunganisha betri ya kampuni moja na mashine ya nyingine zina hatari ya jamii hiyohiyo. Kwenye mifumo mingine kinga ya kuzuia betri isikauke imo ndani ya mashine, ukiihamishia betri hiyo kwingine inanyonywa hadi seli zinakufa.

Kwa kazi yako ya makabati ningechukua hiyo 18V XR ya 4Ah au 5Ah kama ni halali, nikaacha ile ya 2Ah kwa kazi za juu ya kichwa, kufunga bawaba na droo, kwa sababu ni nyepesi mkononi. Ah kubwa haiongezi volti, inakupa muda, na ukiwa unatoboa mninga kwa biti pana utaona drili haichoki mapema, kwa vile mzigo umegawanywa kwa safu mbili za seli.

Na kama kaka yako anakuja nyumbani mwaka huu, mwombe betri badala ya chaja. Ya 5Ah yenye 100Wh iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa kwenye ndege bila kuomba kibali cha shirika. Ila betri za akiba ziingie naye ndani, kwenye mkoba wa mkononi, vijino vya shaba vikiwa vimefunikwa kwa kifuniko chake au selotepu, zisiende kwenye sanduku la chini. Mashine yenyewe, bila betri, ndiyo iende sanduku la chini. Chaja ya 120V aliyokutumia mrudishie, kule itamfaa.